Samaki Aliyevuliwa Mara Mbili

Siku kaka yangu alipoacha kuwapo ilikuwa Jumatano. Alitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akamwambia Mama asimwekee chai kwenye chupa, angerudi kabla ya saa tano ainywe ya moto. Mama akamjibu, "Nenda, baba. Ila mikono nyuma." Akacheka, akaiweka mikono nyuma kama askari wa gwaride, akaenda hivyo mpaka mlangoni na kuusukuma kwa kiwiko.

Mikono nyuma kilikuwa kiapo. Miaka sita kabla ya hapo, gatini, mtu mmoja alimtukania Mama, na kaka akamvunja taya kwa ngumi mbili. Alikaa jela miezi mitatu. Alipotoka, Mama alimshika masikio yote mawili kama mtoto wa darasa la kwanza, akamwambia siku atakapomnyanyulia mtu mkono tena, asimwite mama. Tangu hapo kila hasira ilipompanda aliipeleka mikono nyuma, akafumbata vidole na kuongea polepole. Watu wa gatini walimwita Saa Mbili, kwa sababu ya safari zetu. Wengine, akishapita, walimwita Gwaride.

Tulikuwa na boti moja ya futi ishirini na mbili, mashine moja na paa la turubai. Tulipeleka watu wa likizo kuvua, wale ambao hawajawahi kushika mshipi maishani mwao. Saa mbili tu, ndani ya mwamba, ambako maji yametulia kama ya kwenye beseni na hakuna anayetapika. Ubao wetu pale gatini uliandikwa: HUJUI KUVUA? NJOO. HAKUNA ANAYERUDI MIKONO MITUPU. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyotulisha, na hayakuwa kweli.

Maji ya ndani hayana samaki wengi jua likishapanda. Kwa hiyo tulitangulia alfajiri, kaka na mimi, tukavua samaki aina ya changu watatu au wanne na kuwaweka hai kwenye pipa lililofichwa nyuma, chini ya benchi, na pampu ndogo ikiwapulizia hewa. Mgeni akikaa sana bila kupata kitu, kaka alipaza sauti, "Nani ana kiu?" Wote waligeukia sanduku la barafu lililokuwa mbele. Hapo mimi niliyekaa nyuma nauvuta mshipi wa mgeni kwa kijiti, namchomeka samaki kwenye ndoano, naachia. Sekunde ishirini. Mgeni anarudi na soda yake anakuta fimbo ya mshipi inatikisika, anapiga kelele, picha zinapigwa. Tulimvika kila mtu kilemba chake cha ukoka, akarudi nacho hotelini anatamba. Sikuona ubaya. Nilikuwa na mikono myepesi, na kaka aliwaambia watu kwamba dada yake angeweza kumchomeka nyangumi na usisikie.

Jumatano hiyo wageni walikuwa watatu: mume, mkewe, na mdogo wake mke, kijana wa miaka kama ishirini na mitano. Mume alikuwa na arobaini na kitu, mpana wa mabega, meneja wa ghala huko kwao. Jina lake nimelijua kituo cha polisi na hapa siliandiki. Yule kijana alimwita Bosi, na mwenyewe alipenda, ingawa kijana alicheka kila alipolitamka.

"Bosi, jaketi limekataa kufunga tumbo."

"Funga mdomo wako kwanza, ndio ulioshindikana."

"Dada, mwambie mumeo akae katikati. Boti inaegama."

Mkewe alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye blauzi ya mikono mirefu katika jua lile. Bosi alimgeukia kaka. "Nahodha, na wewe una mashemeji wa namna hii? Huyu mimi nilipewa kama nyongeza."

"Wangu walinikimbia," kaka akasema, "pamoja na dada yao."

Boti nzima ikacheka. Mpaka hapo ilikuwa siku kama siku nyingine.

Kijana ndiye aliyeanza kupata samaki, wa kweli, bila mkono wangu. Kaka akamwonyesha rungu la samaki, kijiti kifupi kizito chenye kichwa cha mviringo, na jinsi ya kumpiga samaki mara moja katikati ya macho asiteseke. Bosi akasema, "Lete, nimpige mimi." Akapiga. Akapiga tena. Alipiga mara saba, mpaka kichwa kikabonyea na damu ikamrukia shati na magoti ya mkewe.

"Bosi, amekufa tangu la kwanza," kijana alisema.

"Mimi kazi yangu nahakikisha."

Kaka alilichukua rungu taratibu, akalisuuza, akalirudisha kwenye benchi. Aliniangalia. Baadaye kidogo mishipi iligongana, ule wa mke ukajizungusha kwenye wa mume, nikamwona Bosi akimfinya mkewe juu ya kiwiko huku anatabasamu kutuangalia sisi. Alimfinya kwa muda mrefu. Kaka naye aliona, kwa sababu alipoondoka kwenye usukani kuja kuifungua ile mishipi, mkono mmoja tayari ulikuwa nyuma.

Halafu mke akapata changu. Mdogo tu, lakini wa kwake kweli, na juu ya jicho samaki huyo alikuwa na kovu jeupe kama mwezi mwandamo. Kijana akampiga picha kwa karibu. "Mwone anavyokuangalia, kama shangazi aliyenyimwa nyama."

"Mrudisheni jamani," mke alisema. "Ana sura ya kuonewa."

Nikampokea. Nikainamisha mkono nyuma ya boti kana kwamba namwachia baharini, nikamtia kwenye pipa. Ndivyo nilivyozoea. Samaki aliye hai hatupwi, maana hujui mgeni anayefuata atakuwa na bahati gani.

Saa nzima ilipita. Bosi hakupata hata jani. Kijana hakunyamaza.

"Bosi, labda wanangoja uwapangie zamu."

"Nyamaza."

"Au waandike kwanza barua ya maombi."

Shingo ya Bosi ilikuwa imevimba. Kaka akatazama saa, zilibaki dakika ishirini, akapaza sauti: "Nani ana kiu?"

Niliingiza mkono kwenye pipa bila kuangalia, macho yangu yakiwa kwa wageni. Pampu ilikuwa imezimika, sijui tangu saa ngapi. Wale watatu wa alfajiri walikuwa wamelala ubavu, wamelegea. Mkono wangu ukamshika aliyekuwa anachezacheza. Nikamchomeka, nikaachia.

Fimbo ikapinda. Bosi alitupa soda yake baharini, akaikimbilia, akazungusha, akasimama juu ya benchi akiwa na samaki ananing'inia. "Nani bosi? Nani bosi hapa?" Akamsogeza mpaka usoni kwa mkewe. "Wako alikuwa kidagaa. Ona samaki wa mwanamume."

Kijana akampiga picha. Akaitazama simu. Akarudisha nyuma picha moja baada ya nyingine. Kisha akapiga magoti kwa kicheko.

"Dada. Dada, njoo uone jicho. Ni shangazi! Bosi, umemvua samaki wa mkeo!"

Mke alizitazama picha zote mbili. Akacheka mdomo wazi, mara ya kwanza siku ile bila kiganja. Na mimi nilicheka. Hilo lazima niliandike. Ilikuwa hofu ya kukamatwa, lakini ilitoka kama kicheko, na Bosi alinisikia.

Alimpiga mkewe kwa mkono ule ule uliomshika samaki. Miiba ya mgongoni ikamchana mdomo kutoka juu hadi chini. Samaki akaanguka. Bosi akamkamata mkewe nywele, akamgonga kichwa kwenye nguzo ya turubai, mara moja, mara mbili, na nguzo ikalia kama sufuria. Kijana aliacha kucheka ila hakusimama. Alibaki amepiga magoti, simu mkononi.

Kaka aliiacha mashine ikiunguruma bila gia, akaja. Mikono nyuma.

"Bwana, mwachie. Kosa ni langu. Yule samaki niliagiza mimi achomekwe. Nitukane mimi. Mkeo hana hatia."

"Wewe nahodha wa mabeseni, unanifanya mjinga mbele ya mke wangu?"

"Nimekosa, naomba radhi. Mwachie nywele. Kwenye boti hii hapigwi mtu."

Akasogea hatua moja zaidi, kifua wazi. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaviona vidole vyake vilivyofumbatana. Vilikuwa vimebadilika rangi kwa kubanwa. Bosi akaziachia nywele, na nikapumua, nikafikiri yamekwisha. Akanyoosha mkono kwenye benchi, akachukua rungu.

Pigo la kwanza lilimpata kaka juu ya sikio la kushoto. Alitikisika tu, kama mtu aliyeitwa ghafla. La pili lilimpata kwenye paji la uso, na bado vidole vilikuwa vimefumbatana. Viliachana wakati anaanguka. Alipita juu ya ukingo wa boti, akaingia majini bila kelele yoyote.

Alielea kifudifudi. Maji kando ya kichwa chake yaligeuka mekundu. Mkondo ulikuwa unamchukua. Nilitwaa kulabu, ule mti mrefu wenye ndoano kubwa tunaopandishia samaki wazito, nikainasa fulana yake. Fulana ikachanika. Nikarusha tena, safari hii ndoano ikaingia chini ya bega, kwenye nyama. Nilisikia kupitia ule mti jinsi ilivyoshika. Nikamvuta kaka yangu hivyo. Kijana akaja kusaidia, na mke pia, damu ikimtoka mdomoni ikidondoka juu yetu, tukamwingiza watatu. Alikuwa anapumua. Alikoroma kama mtu aliyelala chali, jicho moja wazi.

Nilikimbilia usukani. Mashine ilikuwa imezimwa. Ufunguo haupo.

Bosi alikuwa amesimama mbele, juu ya sanduku la barafu. Mkono wa kulia rungu, mkono wa kushoto ufunguo, ameunyoosha juu ya maji.

"Ameteleza," alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia, kama anasoma ratiba. "Amejigonga kwenye mashine, akaanguka. Nataka nimsikie kila mtu."

"Ameteleza," nilisema. Sikungoja hata sekunde.

"Tena."

"Ameteleza, amejigonga kwenye mashine. Nipe ufunguo, kaka, tafadhali." Nilimwita kaka. Nilimwita kaka yule mtu.

"Na wewe?"

"Ameteleza, Bosi," kijana alisema, akitazama sakafu.

"Mke wangu?"

Mke alikuwa amekiweka kichwa cha kaka mapajani, akiukandamiza mkunjo wa kanga kwenye jeraha.

"Sisemi."

"Sema tuondoke."

"Umempiga mtu akiwa na mikono nyuma. Sisemi."

Nilimpigia kelele. "Dada, sema! Neno moja tu, hata la uongo! Anakufa huyu!"

Akaniangalia. Mdomo ulikuwa umepasuka hata maneno yalitoka na mapovu mekundu. "Nimelisema neno hilo miaka tisa," akasema. "Daktari akiuliza mkono, niliteleza bafuni. Akiuliza meno, niliteleza ngazini. Leo sitelezi tena."

Wakati ule nilimchukia yeye kuliko mumewe. Naliandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilizisikiliza pumzi za kaka. Kati ya moja na nyingine palikuwa na nafasi, na ile nafasi ilikuwa inapanuka. Toka pale hadi gatini ni dakika kumi na mbili, na sisi tulikuwa tumesimama tunabishania neno.

Bosi akashuka kwenye sanduku, amnyooshe mkewe. Ili amfikie ilibidi apite mbele yangu. Kulabu ilikuwa sakafuni, bado imelowa. Sikuwaza. Kaka alinifundisha kwamba samaki mkubwa humvuti upande: unachoma chini, unainua, ndipo unavuta kwako. Nilimchoma nyuma ya paja, nikainua, nikavuta kwangu. Alitoa sauti ambayo sikujua mtu mzima anaweza kuitoa. Alianguka chali, rungu likaruka baharini, ufunguo ukateleza chini ya benchi. Alijaribu kunishika mguu. Nikazungusha kulabu ndani ya nyama yake, kwa makusudi, mpaka akaniachia.

Hapo ndipo kijana alipopata nguvu. Alimkalia kifuani, akampiga ngumi za uso, moja baada ya nyingine, huku analia na kusema, "Ilikuwa mzaha tu! Mzaha tu!" Pua ya Bosi ilivunjika, niliisikia. Aliendelea mpaka dada yake alipomwambia, "Basi, mdogo wangu. Basi."

Mzaha mzaha hutunga usaha. Nimeusikia msemo huo tangu utoto na nikadhani unahusu watoto wanaosukumana.

Niliendesha boti kwa kasi ambayo kaka hakuwahi kuniruhusu. Nyuma yangu mke alikuwa akimsemesha, nahodha, nahodha, usilale. Gatini watu waliona damu kwanza, wakaruka ndani kabla sijafunga kamba. Wanne walimbeba kaka na kumlaza kwenye gari la kupelekea barafu, kwa sababu ndilo lililokuwa na injini inayowaka. Wengine walimkuta Bosi sakafuni, wakauliza nani, na kabla sijajibu mtu mmoja alishaelewa kuwa ni yeye. Walimpiga kwa makasia. Kama askari wa bandari wangechelewa dakika tano, leo kusingekuwa na kesi. Sikuwazuia. Nilikuwa kwenye lile gari, juu ya barafu, nimemshika kaka mkono.

Alikufa saa sita kasoro robo mchana, kitanda cha pili toka mlangoni. Daktari alinitoa nje, akaniuliza kuhusu kichwa, nikamweleza. Akaniuliza kuhusu tundu la begani, limefanywa na nini. Nikasema, "Na mimi." Akaandika.

Nyumbani Mama alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa amesimama jikoni, hakuna anayethubutu kumkalisha. Aliniuliza swali moja tu.

"Mikono ilikuwa wapi?"

"Nyuma, Mama."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akakaa chini sakafuni, pale pale. Hajaniuliza kitu kingine tangu siku hiyo, na hamruhusu mtu yeyote amsifu kaka kwa upole wake. Mjomba alijaribu msibani. Mama alimrushia kikombe, kikapasukia ukutani, na Mjomba akahamia kukaa nje na wanaume.

Kijana alikuja siku ya tatu. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye kona ya nyumba, kofia mkononi, ngumi zake bado zina vidonda.

"Dada, nimeandika maelezo yangu polisi," alisema. "Nimeandika ameteleza."

"Wewe uliona."

"Niliona. Lakini mimi nafanya kazi ghalani kwake. Nina mke, nina watoto wawili. Akitoka..." Hakumaliza. "Ile siku mimi ndiye niliyeanza. Wewe unajua."

"Na mimi nilicheka," nilimwambia. "Na samaki nilimweka mimi. Tumeshagawana. Nenda kafute ulichoandika."

Hakufuta. Wakili wa Bosi ana maelezo hayo, na ana karatasi ya daktari yenye tundu la bega, na ana picha ya paja la mteja wake lilivyoshonwa. Anasema kaka aliteleza akajigonga, na aliyemmalizia ni mimi na kulabu yangu, kwa papara, kisha nikamshambulia mgeni ili kuficha. Anasema pia kwamba sisi ni matapeli, tuliwadanganya watu kwa samaki wa pipa. Hilo la mwisho ni kweli, na nitalikubali nikiulizwa. Nimeambiwa nijibu ninachoulizwa tu, lakini nimeamua nitaeleza vyote kwa mpangilio wake, pamoja na kicheko, pamoja na nilivyosema ameteleza mara mbili bila kushurutishwa sana. Ndiyo maana naandika haya yote nikiwa bado nayakumbuka.

Mke hakurudi kwao. Amepanga chumba karibu na soko, anafua nguo za hoteli. Mdomo umeshonwa, na nyuzi zimeacha mstari. Juzi nilikwenda kumwona. Nilitaka kumwomba msamaha kwa nilivyompigia kelele, na nilitaka pia kumuuliza kama angelisema lile neno mapema, dakika zile zingetosha kumwokoa kaka. Tulikaa kwenye ngazi. Sikusema lolote kati ya hayo mawili. Alinionyesha karatasi ya wito, nikamwonyesha yangu.

Kesi inasikilizwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Yeye ni shahidi wa kwanza, mimi ni wa pili.